Chuma kisichoshikwa na sumaku: namna ya kupima mawe yako

Nimekulia Tororo, mashariki mwa Uganda, karibu na vilima vya Sukulu. Mvua ikinyesha, maji yalikuwa yanaacha mchanga mweusi mitaroni, na sisi watoto tunapitisha humo sumaku ya spika mbovu mpaka inaota ndevu. Hiyo ni magnetiti, madini ya chuma na oksijeni. Nikakua nikiamini kwamba chuma ni kile kinachoshikwa na sumaku. Mwaka wangu wa kwanza wa kubeba sampuli nikatupa pembeni fungu zima la mawe ya Muko, kule Rubanda, kwa sababu sumaku iliyapita kama inavyopita tofali. Dereva wa lori aliinua moja akaniuliza, "Kaka, kama si chuma, mbona zito hivi?" Yalikuwa hematiti, madini mengine ya chuma na oksijeni.

Hematiti safi ina chuma asilimia 70 hivi kwa uzito, magnetiti 72. Wepesi wa kusumakika ndio ulioachana mno: kwa kipimo cha SI (mfumo wa vipimo wa kimataifa) magnetiti hufika 3 hivi na hata kuzidi, hematiti kwa kawaida haivuki 0.04. Sababu ni mpangilio. Kila atomi ya chuma ni kijisumaku. Katika magnetiti, chukua atomi tatu: mbili zinavutana kama watu wa kamba wenye nguvu sawa, zinamalizana, na ya tatu inabaki bila mpinzani. Hiyo ndiyo unayoisikia mkononi. Katika hematiti ni mmoja kwa mmoja. Kamba inasimama katikati, ikiegemea upande kidogo sana.

Basi anza kwa kuvunja jiwe. Ganda la nje usiliamini, maana magnetiti iliyopigwa na hewa na maji kwa muda mrefu hugeuka hematiti huku umbo lake likibaki lilelile. Ning'iniza sumaku ndogo kwa uzi, isogeze karibu na uso mbichi bila kugusa. Uzi ukiinama, hata kidogo, umepata jibu ambalo vidole visingekupa. Halafu kwaruza jiwe kwenye mgongo wa kigae, upande usiong'aa. Unga mweusi, fikiria magnetiti au ilmeniti, yenye chuma na titani. Mwekundu wa damu iliyokauka, hematiti. Manjano ya kahawia, gothiti, madini ya chuma yanayofanana na kutu.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote linataka sigiri tu. Saga hematiti kijiko kimoja, changanya na unga wa mkaa, tia kwenye kopo lenye mfuniko uliotobolewa tundu dogo. Kwanza pitisha sumaku kwenye huo unga wa mkaa peke yake, kwa sababu udongo wa tanuru la mkaa mara nyingi umekwisha kugeuka wa kushikwa na sumaku. Weka kopo katikati ya makaa mekundu, nje ya nyumba, kwa saa moja. Liache lipoe kabisa kabla ya kulifungua. Ukifungua likiwa moto, hewa itakuharibia kazi. Mwaga kwenye karatasi, mbali na kopo. Ule wekundu umekuwa mweusi, na chembe zinaruka kuifuata sumaku. Mkaa umenyang'anya hematiti sehemu ya oksijeni yake, ikawa magnetiti. Nilipofanya hili mara ya kwanza na jiwe la Muko nilikaa nikiutazama ule unga muda mrefu.

Ukiwa na kipimo cha mkononi cha wepesi wa kusumakika, vua saa, weka panga mbali. Sifurisha hewani, gusa uso bapa wa jiwe, rudi hewani. Sifuri ikiwa imehama, rudia. Pima sehemu tano au zaidi. Uso wenye mabonde hudanganya kwa kushusha namba. Vipimo vingi husoma kwa sehemu za elfu za SI, yaani 30 ni 0.03, na hapa wengi wanakosea: mwamba wenye asilimia 1 tu ya magnetiti husoma 30 hivi, na huweza kulipita jiwe ambalo ni hematiti tupu. Namba hiyo inakuambia habari za magnetiti. Habari za wingi wa chuma haikuambii.

Mawe ya Kilembe, kwenye mgodi wa shaba wa magharibi mwa Uganda, yana mtego wake. Pirotiti, ambayo ni chuma na salfa, kuna aina inayoshika sumaku na aina isiyoshika, kutegemea nafasi za chuma zilizo wazi ndani yake zimejipanga vipi. Piriti iliyo pembeni yake, nayo ya chuma na salfa, huwa kimya.

Kwenye daftari langu safu ya kwanza ni uzito wa mkononi, ya pili rangi ya unga, na sumaku inakuja ya tatu.