Kuomba ufadhili wa kusomea jerontolojia: hatua nilizopita na binti wa fildi

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Mwaka jana alikuja ofisini kwetu binti wa fildi, na alipomaliza alikuwa ameshaamua: anataka kusomea jerontolojia, yaani elimu ya uzee, na kuishi kwa kazi hiyo. Tulikaa naye jioni nyingi tukijaza maombi. Naandika njia tuliyopita, kwa ajili ya wadogo zangu mlioko mwaka wa tatu au mliomaliza karibuni.

Hatua ya 1: Pata swali kabla ya kuchagua nchi

Usiwashe kompyuta kwanza. Andika sentensi mbili kuhusu jambo la wazee uliloliona kwa macho yako. Binti huyu alikuwa akimtembelea bibi mmoja anayelea wajukuu wanne huku akisahau dawa zake za presha. Swali lake likawa: mlezi akizeeka, nani anamlea?

Kisha litafutie mizizi nyumbani. Soma Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003. Angalia pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza 2016 kwa wazee wote wa miaka 70 na zaidi, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi. Tafuta tafiti za demensia (maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu) zilizofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako zaidi ya wazee 6 katika kila 100 waliofikisha miaka 70 walikutwa nayo. Ukiwa na haya, maelezo yako hayatafanana na ya mtu anayesema tu kwamba anawapenda wazee.

Hatua ya 2: Tafuta kozi

Waingereza huandika "ageing", Wamarekani "aging". Tafuta kwa tahajia zote mbili, la sivyo nusu ya kozi hutaziona. Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kimefundisha jerontolojia kwa miaka mingi; Marekani kuna shule ya jerontolojia ya Leonard Davis katika Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, iliyofunguliwa 1975. Usiziache kozi za afya ya jamii au sera ya jamii zinazokuruhusu kuandika tasnifu kuhusu wazee. Kwangu mimi hizo ndizo bora kwa anayerudi kufanya kazi halmashauri.

Hatua ya 3: Pesa

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka miwili. Kama ndiyo kwanza umehitimu, anza na ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Kwa kozi fupi, Malta kuna taasisi ya kimataifa ya uzee, INIA, iliyoanzishwa 1988 kwa makubaliano na Umoja wa Mataifa. Ukishakuwa na uzoefu na moyo wako uko kwenye demensia, tazama ufadhili wa Atlantic Fellows wa afya ya ubongo, wanaosomea San Francisco au Dublin. Masharti hubadilika, soma ya mwaka unaoomba.

Hatua ya 4: Wadhamini wako (wanaokuandikia barua za mapendekezo)

Hapa ndipo tulipoteza siku tisa, kwa hiyo nisome taratibu.

Mara nyingi barua ya mapendekezo huiwasilishi wewe. Unajaza jina na barua pepe ya mhadhiri, mfumo unamtumia kiungo, naye anaandika humo. Binti aliweka anwani ya Gmail ya mhadhiri wake kwa sababu ndiyo anayoitumia kila siku. Mfumo ukaikataa: ulitaka anwani ya chuo. Akaweka ya chuo, lakini mhadhiri alikuwa na miezi hajaifungua na nywila ameisahau. Ilipopatikana, ujumbe ulikuwa umelala kwenye spamu na kiungo kimekwisha muda.

Kwa hiyo, mwezi mzima kabla ya mwisho wa maombi, nenda ofisini kwa mhadhiri. Nenda kwa miguu yako. Ujumbe wa WhatsApp hautoshi kwa jambo hili. Mwombe kwa heshima afungue barua pepe ya chuo ukiwepo. Mwachie karatasi moja: swali lako, alama zako katika somo lake, ulichofanya fildi, tarehe ya mwisho. Wahadhiri wana wanafunzi mamia, na bila karatasi hiyo utaandikiwa barua ya "ana bidii na nidhamu" isiyomsaidia mtu. Siku unayojaza jina lake kwenye mfumo, mpigie simu saa hiyo hiyo, umwambie atazame na spamu pia. Baada ya siku tatu, mkumbushe.

Mdhamini wa pili awe msimamizi wako wa fildi kama masharti yanaruhusu. Ndiye aliyekuona ukiongea na wazee. Ila hakikisha ofisi yake ina barua pepe rasmi. Wa tatu mweke akiba, hata kama hakuombwa.

Hatua ya 5: Vyeti na kutuma

Skani vyeti stesheneri, usipige picha kwa simu. Jina liwe moja katika pasipoti, transkripti na fomu. Likitofautiana, tafuta kiapo cha majina mapema. Tuma siku tatu kabla. Andika namba ya maombi kwenye daftari la karatasi, kisha hifadhi nakala ya kila ulichojaza, maana maswali ya usaili hutoka humo humo.