Kwenda Leicester kuona mchezo wa zamani ukirudishwa jukwaani: anza na treni ya kurudi

Nikisema wikendi naenda kuangalia myuzikali, ile michezo ya jukwaani ambayo watu wanaongea kidogo halafu ghafla wanaimba, kila mtu anadhani naenda West End, ule mtaa wa kumbi kubwa za London. Siendi. West End nishaenda mara mbili, nikawekwa juu kabisa karibu na dari kama popo, nguzo mbele yangu, na pesa niliyotoa ningenunua mchele wa mwezi mzima. Siku hizi macho yangu yako mikoani huku Uingereza, Leicester, Sheffield, Chichester, kumbi za huko zinachukua mchezo wa miaka sitini sabini iliyopita wanaushona upya kuanzia nguo mpaka jukwaa, na wewe mwenye kipato cha kawaida unapata kiti unaona mpaka jasho la muimbaji. Hapa nitaeleza tulivyofanya Desemba 2024, nilipompeleka mama mdogo, alikuwa kaja kututembelea kutoka Mombasa, kuona My Fair Lady pale Curve, ukumbi wa Leicester. Mji mwingine ukitaka mpango ni ule ule, stesheni tu ndio inabadilika.

Sasa, la kwanza kabisa na hapa niliungua mwenyewe: usianze na tiketi ya mchezo, anza na treni ya kurudi nyumbani. Kuna mwaka nilinunua tiketi ya Jumamosi usiku mji mmoja wa kusini, bei poa, nimefurahi, kumbe wikendi ndio wakati wao wa kufumua reli, mchezo umeisha saa nne na nusu nafika stesheni nakuta karatasi imebandikwa, treni hakuna, kuna basi, na hilo basi likaingia kila kijiji lililokiona, nikafika kwangu saa tisa usiku na shifti inaanza saa moja asubuhi. Siku ile kazini kuna mzee nilimtilia chumvi kwenye chai. Aliniangalia tu, hakusema kitu.

Kwa hivyo fungua kwanza ratiba ya treni ya siku ile ile unayoitaka, tafuta treni ya mwisho inayokurudisha, na ile ya kabla yake pia maana ya mwisho ikifutwa huna pa kwenda. Michezo ya usiku mingi huku inaanza saa moja na nusu, na hii ya zamani ni mirefu, waandishi wa enzi zile hawakuwa na haraka, My Fair Lady na mapumziko yake inakaribia masaa matatu. Ukiona hesabu inabana chukua onyesho la mchana. Mimi siku hizi nachukua la mchana bila hata kufikiri, bei mara nyingi iko chini na unatoka mji bado uko macho. Halafu kama una mgeni wa nyumbani mwandikie saa vizuri, mama mdogo nilimwambia kwa simu mchezo ni saa mbili na robo, nimezoea saa za kizungu kichwani, akashangaa mno, akaniuliza tunaenda kuangalia ngoma saa mbili asubuhi sisi ni wendawazimu? Saa nane na robo mchana, mama, saa nane.

Treni za Leicester zinaondoka stesheni ya St Pancras, London, ni lisaa limoja na kidogo, kama kilomita 160 hivi. Ukinunua mapema tiketi ya treni moja uliyoichagua unalipa kidogo sana kuliko kwenda kununua siku yenyewe, ila imefungwa kwa treni hiyo tu, ukiikosa unalipa upya na hakuna wa kumlilia. Mnaosafiri wawili angalieni ile kadi ya Two Together, ina picha zenu wote wawili, inakata theluthi ya nauli bora mko pamoja safari nzima, na siku za kazi haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Aliyefika miaka 60 ana kadi yake ya wazee, theluthi vile vile. Na kama mfuko umekauka kabisa kuna mabasi ya masafa kutoka Victoria, hapo hapo London, yanachukua kama mara mbili ya muda, beba kitu cha kutafuna.

Treni imekaa sawa, sasa ndio unaingia kwenye tovuti ya ukumbi. Hapa kuna jambo wengi hawalijui. Ukumbi wa mkoani unaweka vitu vya aina mbili, kuna michezo inayozunguka nchi nzima ikiwa ndani ya malori, wiki hii hapa wiki ijayo kwingine, na kuna iliyotengenezwa pale pale na maseremala na mafundi cherehani wa ukumbi wenyewe. Zote halali, lakini ya kufungia safari ni hii ya pili, ile ya lori utaipata hata karibu na kwako ukisubiri. Curve wakiitengeneza wenyewe wanaandika Made at Curve, kwingine soma ile aya ndogo ya chini inasema mchezo ni wa nani. Na karibu kila krismasi Curve wanatoa mmoja mkubwa wa zamani, 2019 ilikuwa West Side Story, 2021 A Chorus Line, 2023 Evita, 2024 ndio hii My Fair Lady, inaanza mwisho wa Novemba inakwisha mwanzo wa Januari, basi, mandhari inavunjwa. Mara moja moja mchezo unapanda mpaka London, kama Oliver! ya Chichester ya 2024 ilivyohamia ukumbi wa Gielgud, lakini ukingoja uhamie na bei nayo itakuwa imehama.

Tiketi zinatoka miezi mingi kabla, sisi tulinunua kiangazi watu bado wako kaptula. Maonyesho ya siku za kwanza kabisa, kabla waandishi wa habari hawajaitwa, huwa nafuu, kama hujali taa kuchelewa sekunde mbili. Kiti: ukumbi mkubwa wa Curve hauzidi watu elfu moja, kwa hiyo hata nyuma si mbali, na kwa mchezo wenye kucheza sana mimi napenda juu kidogo katikati, unaona mistari ya wachezaji inavyojipanga, ukikaa mstari wa kwanza unaona viatu. Popote palipoandikwa kwamba kiti kina kizuizi cha kuona, amini, hawatanii.

Na hii nataka niikazie maana hakuna aliyeniambia. Mchezo unaokaa wiki nyingi huwa na siku moja mbili wanaweka skrini yenye maneno yanayosemwa jukwaani, imewekwa kwa ajili ya wasiosikia vizuri. Nunua siku hiyo. Kiingereza cha kuimbwa, tena cha mtaani London ya zamani, tena kwa kasi, hata mtu aliyekaa huku miaka kumi kinampita. Mama mdogo Kiingereza anasoma kuliko anavyosikia, alikuwa anacheka pamoja na ukumbi, hakuchelewa hata kichekesho kimoja. Viti vile vilivyotengwa kabisa mbele ya skrini waachie wenyewe wanaovihitaji, hata ukiwa pembeni kidogo inasomeka.

Kabla ya kwenda jua kisa. Huu si mpira kwamba ukijua matokeo raha imekwisha. My Fair Lady ilifunguliwa New York Machi 1956, maneno ya Alan Jay Lerner, muziki wa Frederick Loewe, ikapigwa mara 2,717 kabla ya kufungwa 1962, na wao waliitoa kwenye Pygmalion ya Bernard Shaw ya 1913. Eliza anauza maua Covent Garden, anaongea Kiingereza cha kihuni, profesa mmoja mwenye majivuno anawekeana dau na rafiki yake kwamba kwa miezi sita atamgeuza aonekane bibi mkubwa wa tabaka la juu kwa lafudhi peke yake. Yaani ni mchezo mzima kuhusu ile kitu Nairobi wanaita kushrabu, lugha ya nyumbani kukuponyoka kwenye matamshi. Sisi ambao tumechekwa kwa kula na kura, kwa samba na shamba, halafu tukaja huku tukachekwa upya kwa Kiingereza, hatuhitaji kuelezewa huyu msichana analia nini. Kosa lake kubwa ni kumeza h, kama nyinyi mnaoandika ata mimi na apa na uyu, na kuna kipande anafundishwa mbele ya moto mdogo, h ikitoka sawasawa moto unatikisika. Mama mdogo akanishika mkono gizani, "huyu si maalim wetu wa chuoni kabisa," maana sisi kwenye kusoma Kurani tulipigwa fimbo kwa ha ya kooni na ha ya kifuani, miaka mitatu, na moto haukuwepo.

Halafu mwisho. Shaw mwenyewe hakutaka Eliza aolewe na yule profesa, alibishana nalo mpaka uzeeni, myuzikali ikamrudisha yule binti nyumbani kwa profesa na kuacha sentensi hewani, na kila anayeuweka upya mchezo lazima aamue Eliza anasimamaje dakika ile, anarudi kukaa au anarudi kuaga. New York 2018 walimfanya atoke aondoke. Ndio maana nasema mtu aliyeona filamu ya 1964 hajauona mchezo bado. Leicester walifanyaje sikwambii.

Siku yenyewe fika mjini masaa mawili kabla. Kutoka stesheni mpaka Curve ni dakika kumi kwa mguu, huwezi kupotea, ni jumba la vioo limepinda kama tumbo la jahazi, limefunguliwa 2008, mchoraji wake Rafael Viñoly alitaka vitu vya nyuma ya jukwaa vionekane na watu wa barabarani, kwa hiyo zunguka nje kwanza uchungulie. Vaa joto lakini ya kuvua, ndani kuna joto na koti la Desemba kwenye magoti kwa masaa matatu ni kama kubeba mtoto wa mwenzio. Ukichelewa mlango unafungwa, utasimama nje mpaka wapate nafasi ya kukuingiza. Muziki ukianza kabla pazia halijafunguka ndio mchezo umeanza, nyamaza. Makofi kila wimbo ukiisha ruksa. Kuimba pamoja nao hapana, hata kama unaujua wimbo wote. Na jamani hapa si taarabu, hakuna kuinuka na noti kwenda kutunza, nilimuona mama mdogo mkono unaingia kwenye mkoba baba yake Eliza alipoimba na wacheza ngoma wake ule wimbo wa kwenda kanisani asubuhi, nikamzuia. Mapumziko kuna aiskrimu za vikopo vidogo, kijiko kiko ndani ya kifuniko, usikitupe.

Mkitoka na treni bado, nendeni Belgrave Road, barabara ya maduka ya Wahindi, mwendo wa dakika ishirini na kitu. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia msije, mji umejaa. Wakaja. Na 2022, miaka 50 baadaye, Curve hiyo hiyo ikaweka jukwaani michezo ya kisa chao. Ukifungua menyu za hiyo barabara utaona neno mogo, usiulize ni chakula gani, ni muhogo wetu ulipoteza silabu njiani, wanaukaanga na pilipili na ndimu. Tuliingia duka moja bibi wa makamo ya mama mdogo akasikia tunaongea, akauliza kwa Kiswahili mnatoka wapi. Mombasa, Kibokoni. Yeye Jinja, Uganda. Ikawa basi, mimi nimesahaulika, wameanza bei ya ukwaju, nikawa naangalia saa maana treni yangu ilikuwa ile ya kufungwa, ya saa moja kasoro.

Tulikimbia robo ya mwisho. Kwenye treni mama mdogo akafungua karatasi, mogo bado inatoa moshi, akauinua mmoja mbele ya mdomo kama ule moto wa kwenye mchezo akaupulizia, ha, ha, ha, kijana wa kiti cha mbele akageuka. Akampa kipande.