Kulinda ari ya askari wakati Jeshi la Polisi linapolaumiwa

Mkuu wa kituo, awe Mafinga au Tukuyu, miji ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, aanze kwa kuzungumza na askari wake asubuhi, kabla hawajasikia lawama vijiweni, akitenganisha kinachojulikana na kinachochunguzwa. Asikanushe kosa lililothibitika: mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Mufindi, Septemba 2012, na askari mmoja akatiwa hatiani kwa kifo hicho mwaka 2016. Kuficha jambo la namna hiyo huwatwisha askari waadilifu mzigo usio wao. Zamu ziwe na mapumziko ya kweli, hasa katika baridi ya Juni. Amsikilize faragha anayejitenga na wenzake, pamoja na yule ambaye watoto wake wanasimangwa shuleni, jambo ambalo, nadhani, husahaulika mno.