Somo: Kuchagua mtaa wa kukaa Mombasa unapohamia kwa kazi mpya

Barua ya kazi ikishatoka, wengi wetu tunakimbilia kuuliza, "Nyumba ya vyumba viwili Mombasa ni pesa ngapi?" Swali hilo lisubiri. Uliza kwanza: kazi iko upande gani wa maji? Mombasa ni kisiwa, na kisiwa hiki kina milango mitatu mikubwa. Kaskazini kuna daraja la Nyali, magharibi kuna barabara ya Makupa inayokwenda bara, kusini kuna feri ya Likoni. Asubuhi watu wanamiminika kuingia kisiwani kwa milango hiyo hiyo, na jioni wanatoka kwayo. Ukikosea mlango, hata nyumba iwe nzuri vipi, utaichukia.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Nilitoka Voi mwaka 2011 kuja kufanya kazi kwenye yadi ya makontena Changamwe, magharibi ya kisiwa. Jumapili moja nilioneshwa nyumba Bamburi, upande wa kaskazini: vyumba viwili, vigae vipya, upepo wa bahari unaingia hadi jikoni. Kutoka pale hadi mjini matatu ilichukua nusu saa, nikalipa palepale. Jumatatu nikatoka saa kumi na mbili kamili. Kongowea tukasimama. Darajani tukasimama tena. Nikashuka mjini, nikatafuta gari la Changamwe, tukafika Kibarani, hapo Makupa, katikati ya malori, makanga akazima hata redio. Kazini nilipaswa kuingia saa mbili, nikaingia saa tatu kasoro robo, shati limelowa jasho, na msimamizi ananitazama. Mwezi wa tatu nilihamia Mikindani, na dipoziti ya Bamburi sikuirudishiwa.

Hatua ya kwanza: hesabu milango, usihesabu kilomita

Chukua karatasi. Andika kazi iko wapi hasa, maana "Mombasa" kwenye barua ya ajira haitoshi. Ofisi nyingi za serikali, benki na mawakili ziko kisiwani, kuanzia Moi Avenue hadi Treasury Square. Bandari ya Kilindini iko kisiwani, lakini bandari hiyo hiyo ina upande wake wa pili Kipevu, ng'ambo ya bara. Uwanja wa ndege, stesheni ya reli ya SGR ya Miritini na yadi nyingi za makontena ziko magharibi, upande wa Changamwe na Jomvu. Hoteli za ufuoni na kiwanda cha saruji viko kaskazini, kuanzia Nyali kupitia Bamburi hadi Shanzu.

Kisha hesabu ni milango mingapi utakayopita kila siku. Sufuri ni neema. Mmoja unavumilika. Ukihesabu miwili, kama mimi nilivyopita Nyali na Makupa, tafuta mtaa mwingine hata kama kodi ya kule ni nusu.

Hapo kuna jambo jipya kidogo. Barabara ya Dongo Kundu sasa inaunganisha upande wa kusini na Miritini bila kugusa feri. Mwenye gari lake na kazi ya Miritini anaweza kufikiria kukaa kusini, jambo ambalo zamani ningemkataza kabisa. Asiye na gari aulize kwanza magari ya abiria ya njia hiyo, na aulize kwa saa zake za kazi.

Hatua ya pili: fika kwanza, lipa baadaye

Usitume dipoziti ya nyumba uliyoiona kwenye simu. Kaa kwa jamaa, au kodi chumba cha wiki mbili hivi karibu na kazi, kisha tafuta kwa miguu. Najua wengine wanaona aibu kumlemea shangazi au binamu. Beba unga, sukari na mchele, mwambie tangu siku ya kwanza kwamba utakaa siku kumi na nne, na uzitimize. Ni heshima zaidi kuliko kuja kumkopa kodi mwezi wa pili.

Hatua ya tatu: safiri kwa saa yako

Ukipata mtaa unaoupenda, amka siku ya kazi, nenda mpaka steji ya mtaa huo, usafiri hadi lango la kazini kwa saa ile ile utakayokuwa ukisafiri. Jioni rudi vilevile. Usiende Jumapili.

Kwa wanaovuka feri, jifunze mwendo wake kwa mwili wako. Matatu za kusini zinakuacha Likoni, unateremka kwa miguu na umati, unavuka, unapanda mteremko wa upande wa pili, ndipo unatafuta gari la mjini. Mtembea kwa miguu halipi, gari ndilo linalolipa. Maji yenyewe ni mafupi, unaweza kumwona mtu amesimama ng'ambo. Kinachokula muda ni kusubiri, na siku feri moja ikiharibika, wote mnasubiri pamoja. Mwenye kazi kisiwani karibu na kivuko ataishi Likoni vizuri, na kodi ya kule ina huruma. Mwenye kazi Changamwe anayetumia magari ya abiria, hapana.

Hesabu na nauli. Tuseme unalipa shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, siku 26 za mwezi: hizo ni 5,200. Nyumba ya elfu kumi na tano unayokwenda kazini kwa miguu ni nafuu kuliko ya elfu kumi na moja ya mbali, na umelala saa moja zaidi. Angalia pia tuktuk au boda ya kuingia ndani. Kiembeni na Utange, kwa mfano, matatu ikikushusha barabara kuu, mara nyingi bado una safari ya pili, nayo ina bei yake usiku.

Hatua ya nne: mitaa yenyewe

Kisiwani, Kizingo ni kutulivu na ni ghali. Ganjoni na Tudor wanakaa wafanyakazi wengi wenye familia. Majengo, Bondeni na Makadara ni mitaa ya wenyeji, imesongamana, duka na mahamri viko mlangoni, na usiku watu wako nje hadi saa nne na zaidi. Mimi naipenda hali hiyo, mtu wa kutaka kimya huenda asiipende.

Kaskazini, Nyali ni ya mishahara minene, lakini pembeni yake Kongowea na Mkomani kuna nyumba za kawaida, karibu na daraja, na soko la Kongowea liko hapo. Ukizidi kwenda mbele, Mlaleo, Bamburi, Shanzu, nyumba zinakuwa mpya na kubwa na foleni inarefuka. Mtwapa iko kaunti ya Kilifi, ingawa wengi wanaihesabu kuwa Mombasa. Kwa kazi ya Shanzu ni pazuri, kwa kazi ya kisiwani ni mbali.

Magharibi ndiko niliko. Mikindani, Port Reitz, Magongo, Chaani, Miritini. Hakuna ufuo wa kujivunia, malori yanapita usiku na mchana, vumbi halikosekani. Lakini kwa mtu wa bandari ya Kipevu, uwanja wa ndege au yadi, utatoka nyumbani saa moja na nusu ukawa kazini saa mbili.

Hatua ya tano: ingia ndani, fungua mfereji

Hapa chukua muda, hata kama dalali anakuharakisha.

Mombasa haina maji yake ya kutosha. Maji matamu yanatoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, Baricho upande wa Malindi, Marere huko Kwale. (Bomba la Mzima lina zaidi ya kilomita 200 na linapita kwetu Voi. Hadi leo nikifungua mfereji nikapata maji hayo, nahisi nimetembelewa na nyumbani.) Kwa hiyo maji ya kaunti huja kwa zamu, na nyumba nyingi zinategemea kisima. Maji ya kisima kwa kawaida yana chumvi.

Nenda na kipande cha sabuni mfukoni. Fungua mfereji wa jikoni, nawa mikono. Povu likikataa kutoka na mikono ikabaki kama imepakwa nta, hayo ni maji chumvi. Tazama mdomo wa mfereji: ukoko mweupe unakwambia yamekuwa yakipita hapo miaka. Utaoga nayo, utafulia nayo kwa sabuni maradufu, na ya kunywa na kupikia utanunua kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni. Si sababu ya kuikataa nyumba, wengi tunaishi hivyo. Ni sababu ya kuuliza mtungi unauzwa ngapi, unapandishwa gorofani kwa ngapi, na tangi la nyumba linahudumia wapangaji wangapi.

Pili ni joto. Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa Kaskazi ukilegea, chumba cha gorofa ya mwisho chini ya zege tupu kinakaa na moto wa mchana hadi usiku wa manane. Tafuta gorofa ya kati, madirisha pande mbili ili upepo upite, na chumba cha kulala kisitazame machweo. Weka kiganja ukutani saa kumi jioni. Ukuta ukiwa wa moto saa hiyo, utalala nao hivyo.

Mambo mengine kwa haraka: mita ya umeme iwe yako peke yako, si ya kuchangia na jirani. Tazama chini ya ukuta kama kuna mstari wa maji ya mvua, hasa ukihama kabla ya masika. Rudi mtaani saa mbili usiku, utembee kutoka steji hadi mlangoni. Na muulize mama wa viazi karai aliye hapo kila siku kwa nini mpangaji aliyetangulia alihama. Hana kamisheni, atakwambia.

Hatua ya sita: dalali na pesa

Madalali wazuri wapo, mmoja alinitafutia nyumba ninayokaa sasa. Lakini usilipe pesa ya kuonyeshwa nyumba kabla ya kuiona, usilipe dipoziti bila kuonana na mwenye nyumba au mtunza nyumba anayejulikana na wapangaji, na tuma pesa kwa jina lililo kwenye mkataba. Piga picha ya kila ufa, kila kioo kilichopasuka na namba ya mita siku unayopewa funguo. Uliza dipoziti inarudishwa lini na kwa masharti gani, na jibu liandikwe. Mimi sikuandika.

Maswali ya wasomaji

*Mimi ni muuguzi, nimepata kazi hospitali kuu ya rufaa hapo Mombasa. Nitakuwa na zamu za usiku. Niende Bamburi kwa dada yangu au nikodi?*

Kaa kwa dada mwezi mmoja, kisha kodi kisiwani. Hospitali iko kisiwani, kwa hiyo Tudor, Makadara na Majengo zote ziko karibu. Kwa mtu wa zamu, tatizo si foleni tu, ni kutoka kazini alfajiri umechoka ukaanza kungoja gari. Tafuta chumba kidogo zaidi ukilazimika, lakini karibu. Na kwa kuwa utalala mchana, chagua chumba cha ndani, mbali na barabara na upande usiopigwa na jua la mchana.

*Nimeajiriwa hoteli Diani. Naweza kukaa Mombasa mjini, kwa kuwa mke wangu amepata kazi ya ofisi Moi Avenue?*

Kaka, hili ni gumu, na sitaki kukudanganya. Diani iko Kwale, kama kilomita 30 kusini ya kivuko, na hoteli zina zamu za asubuhi na mapema. Ukikaa kisiwani utavuka na kusafiri kila siku. Kuna njia mbili ninazoona watu wakizifanya. Moja ni nyinyi wote kukaa Likoni: wewe unapanda gari la Ukunda, mji ulio jirani na Diani, bila feri, yeye anavuka kwa miguu. Ya pili ni kuuliza hoteli kama ina makao ya wafanyakazi, ukawa unarudi nyumbani siku za mapumziko. Kama hamna watoto wadogo, ningeanza na Likoni.

*Nimeona chumba katika nyumba ya Kiswahili, Majengo. Kodi ni ndogo sana. Ni mahali pa msichana peke yake kutoka Nakuru?*

Dada, mara nyingi ndiyo, na huenda pakawa salama kuliko gorofa usilojua jirani yako ni nani. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kuna ua wenye choo na bafu vya kushirikiana. Kila anayeingia anaonekana. Lakini kushirikiana kuna kanuni: zamu ya kuosha choo, saa ya kufunga mlango mkubwa, wageni wa kiume. Muombe mwenye nyumba akuelezee zote kabla ya kulipa. Chagua nyumba ambayo mwenyewe, au mamake mwenyewe, anaishi humo humo. Ukifika wasalimie wakubwa kwa shikamoo, toka na leso ukienda uani, na hazitapita wiki mbili kabla ya kuitwa kula.

*Nilete watoto mara moja, au nisubiri? Wako darasa la nne na la pili, Eldoret.*

Subiri muhula uishe. Miezi hiyo ndiyo ya kuujua mtaa. Tafuta shule kabla ya nyumba, na uitafute upande ule ule wa mlango ulio na kazi yako. Mtoto anayevuka daraja la Nyali saa kumi na mbili na nusu asubuhi anasinzia darasani. Halafu waandae kwa joto: nguo za pamba, chandarua cha kila kitanda, na wiki ya kwanza msiwalaumu wakikataa kula mchana.

*Ulihama Bamburi baada ya miezi mitatu. Je, unajuta kutoka karibu na bahari?*

Jumamosi moja moja, ndiyo. Huwa napanda matatu mbili kwenda kuogelea Bamburi, narudi na chumvi mwilini na samaki kwenye mfuko. Jumatatu naondoka Mikindani saa moja na nusu.