Semina ya siku mbili kuhusu wanaolala nje: ninavyoiandaa Mbeya

Wengi mmeniuliza semina ya watu wanaohudumia wanaolala nje inaandaliwaje ikaacha kitu mkononi. Nimeandaa tano, na ya kwanza niliiandaa kama harusi: ukumbi wa mapazia, mabango, mgeni rasmi aliyefika saa tano na nusu. Vijana watatu waliokuwa wakilala barazani kwenye soko la Mwanjelwa hapa Mbeya niliwaalika "watoe ushuhuda". Wakasimamishwa mbele, wakapigwa picha, wakapewa soda, wakarudi barazani. Picha moja ikazunguka kwenye WhatsApp hadi ikamfikia baba wa kambo ambaye mmoja wao alikuwa amemkimbia. Kijana yule sikumwona tena pale sokoni. Maazimio tuliandika kumi na manne, na leo silikumbuki hata moja.

Hatua ya 1: Tafuta swali, achana na mada

"Changamoto za watoto wanaoishi na kufanya kazi mitaani" ni mada. Ukiitundika ukutani utapata hotuba. Swali letu la mwisho lilikuwa hili: mtoto akishuka kwenye basi stendi ya Nane Nane saa nne usiku, hana wa kumpokea, nani anapigiwa simu na mtoto analala wapi usiku huohuo?

Mtu mmoja alijibu haraka, "116." Sawa, Simu ya Mtoto ni ya bure na inapokelewa saa 24. Lakini aliyepokea simu atampigia mtu wa hapa Mbeya, na huyo wa hapa anahitaji usafiri na mlango wa kubisha. Tulikaa na swali hilo hadi chakula cha mchana, kukawa na kurushiana maneno kidogo kati ya wenye vituo vya kulelea watoto na watu wa halmashauri. Sikuwazuia. Ndipo ilipojulikana kwamba kila upande ulidhani mwenzake ndiye anayepokea watoto usiku.

Hatua ya 2: Tarehe

Wengi hukimbilia Aprili 12, Siku ya Kimataifa ya Watoto wa Mitaani, au Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika. Aprili kwetu ni mvua, na wa Makete na Rungwe watafika wamechoka na matope. Juni 16 wote unaowataka wako kwenye maandamano na ngoma.

Mimi nachagua kati ya vipindi viwili. Katikati ya Mei, kama mnataka kujipanga kabla ya baridi. Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na anayelala juu ya boksi Julai anajua maana yake. Au Oktoba, kama mnataka fedha ya halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ila mipango yake hujadiliwa miezi mingi kabla. Ukipeleka ombi lako Mei, utaambiwa kwa upole kwamba bajeti imeshapita.

Hatua ya 3: Waalikwa

Afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, watendaji wa kata zenye soko na stendi. Hao kila mtu huwakumbuka. Wanaosahaulika ni walinzi wa usiku, mawakala wa mabasi, mama ntilie wanaofunga mwisho, madereva wa bajaji, muuguzi wa zamu ya usiku. Mlinzi wa soko anajua nani analala kona ipi, nani anakohoa, nani hajaonekana tangu Jumanne. Sisi wenye ofisi tunaandika ripoti juu ya watu ambao yeye huwasalimia kwa majina.

Na waliowahi kulala nje waalikwe. Waite kwenye kikao cha maandalizi, wapinge ratiba yako, na posho yao iwe sawa na ya afisa. Mtoto wa chini ya miaka 18 simwingizi ukumbini kusimulia maisha yake. Afisa ustawi anakaa naye mapema, mahali alipozoea, na kwa ridhaa yake analeta hoja zake bila jina. Kamera zikae kwenye mikoba.

Hatua ya 4: Fedha

Ukumbi wa parokia unatosha. Chai ya saa nne, mchana wali maharage na ndizi, mpishi awe mmoja wa wale mama ntilie. Bahasha za posho zitoke mwisho wa siku ya pili. Zikitoka mchana, jioni utabaki na mwezeshaji na viti.

Hatua ya 5: Usiku wa kuamkia semina

Washiriki wagawanywe wannewanne, kila kundi na mlinzi au kijana mwenyeji, wapite Kabwe, Mwanjelwa na stendi kuanzia saa nne. Hakuna kummulika mtu tochi usoni wala kumwamsha aliyelala. Salamu kwanza, kama unapita mbele ya nyumba ya mtu, maana ndipo anapoishi.

Msihesabu. Kuhesabu kuna utaratibu wake. Kwenye Sensa ya 2022, usiku wa kuamkia Agosti 23, makarani walipita kwa wanaolala nje kwa maandalizi maalumu. Marekani huhesabu wasio na makazi usiku mmoja wa Januari. Hesabu ya 2024 ilitoa watu 771,480, na hata hao wenyewe wanakiri kuna wasioonekana. Wasichana hasa hujificha. Kundi lenu la watu wanne likirudi na "tuliwaona 23", namba hiyo itaingia kwenye hotuba ya mtu na hamtaitoa tena.

Hatua ya 6: Siku zenyewe

Siku ya kwanza yote ni ya swali. Anayetaka kuwasilisha slaidi apewe dakika kumi.

Siku ya pili asubuhi ni sheria, kwa sababu hapa ndipo polisi, mgambo na sisi tunapogongana. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio eneo lake. Kwa upande wa pili, Kanuni ya Adhabu ina vifungu vya uzururaji. Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, palepale Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mweke mwanasheria aeleze kwa lugha ya sokoni, na askari apewe nafasi ya kusema naye anabanwa na nini. Sisi tulijifunza mengi kwa askari mmoja aliyeuliza, "Nikimwacha pale akagongwa na gari, lawama ya nani?"

Usisahau chanzo cha watoto kufika stendi. Utafiti wa VVU wa 2022/23 uliweka Njombe juu kabisa nchini kwa asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Baadhi ya watoto mnaowakuta stendi walifiwa na wazazi, wakalelewa na bibi, bibi akafa.

Mchana kila mtu anajaza karatasi moja: kuanzia Jumatatu nitafanya nini, namba yangu ya simu, na nani ataniuliza baada ya siku 30. Wakala mmoja wa mabasi aliandika kwamba mtoto aliye peke yake hatakatiwa tiketi ofisini kwake bila kumwita afisa. Lilikuwa dogo, nalo amelitimiza.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Makambako: Shikamoo mama. Bila mgeni rasmi si tutaonekana tumedharau?

Marahaba mwanangu. Barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ni lazima, na mgeni rasmi mwalike, ila aje kufunga. Akifungua ataondoka na msafara wake. Akifunga atasikia ahadi za watu zikisomwa, na mara nyingi ataona haya kuondoka bila kuongeza yake.

Wa Kihesa, Iringa: Dada, tumealikwa kongamano la nje kuhusu "nyumba kwanza". Nauli inakula nusu ya bajeti yetu. Twende?

Kwanza hakikisha kongamano lipo. Kuna matapeli wanaotuma mialiko mizuri kisha wanataka ulipe hoteli mapema. Kama lipo, jua unachokifuata: utaratibu huo ulianza New York mwaka 1992 na mwanasaikolojia Sam Tsemberis, na Finland wakaufanya mpango wa taifa kuanzia 2008. Mtu anapewa nyumba kwanza, bila sharti la kuacha pombe kabla. Unasimama juu ya nyumba za kupangisha na ruzuku ya serikali, kwa hiyo mwulizeni mtoa mada kodi inalipwa na nani mwaka wa tano. Mtumeni anayefanya kazi ya usiku, asiende mwenyekiti. La sivyo, subirini Jukwaa la Miji Duniani la UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa; kujiandikisha ni bure, kitakachobaki kulipa ni nauli.

Wa Tukuyu: Sisi shida yetu si watoto. Ni watu wazima wenye matatizo ya akili pale stendi.

Basi swali lenu liwe hilo, msichanganye na la watoto. Mpate muuguzi wa afya ya akili, na ndugu wa mgonjwa aliyewahi kurudi nyumbani. Ulizeni hasa dawa zikiisha mwezi wa pili nani anazifuata. Huko ndiko wengi wanakopotea tena.

Wa Mbalizi: Na vyeti?

Siku ya 30, kwa aliyetimiza karatasi yake. Mara ya mwisho nilichapa 40, nimegawa 17. Vilivyobaki viko kabatini.