Mnataka mauaji ya kimbari yatambuliwe? Anzeni na karatasi na neno, hela zije baadaye

Tangu Rais Steinmeier wa Ujerumani aje Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha pale makumbusho ya Maji Maji, vijana wa kusini wananiuliza sana, sasa sisi tunafanyaje, tuandamane, tuandike barua ubalozini au tusubiri serikali? Mi nawapeleka Namibia kwanza, maana Waherero na Wanama, makabila ya huko yaliyouawa na Mjerumani enzi za ukoloni, walianza kudai zamani, wanamdai Mjerumani huyohuyo, na pale walipojikwaa ndo pa kujifunzia. Maji Maji iitwe kimbari au iitwe jina lingine, hilo wanasheria na wanahistoria wataendelea kulibishania, ila njia ya kudai haitofautiani sana.

Anzeni na karatasi. Ukienda na uchungu peke yake utapewa chai na pole, basi. Waherero wana amri ya Jenerali Lothar von Trotha, kamanda wa jeshi la Mjerumani kule, ya tarehe 2 Oktoba 1904, imeandikwa kabisa kwamba ndani ya mipaka ya Mjerumani kila Mherero atapigwa risasi, awe na bunduki au hana, awe na ng'ombe au hana. Soma tena hapo kwenye ng'ombe. Hao siyo wapiganaji tu, huyo ni mchungaji anapita na mifugo yake, na ndiyo inayoonyesha nia, maana kimbari inasimama kwenye nia ya kuwamaliza watu, idadi ya maiti peke yake haitoshi. Kwa hiyo tafuteni amri, barua za maofisa, madaftari ya wamisionari, na wazee muwarekodi kwa simu wiki hii, msingoje Krismasi.

Halafu neno lenyewe. Hoja ya Mjerumani miaka yote ilikuwa kwamba mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya kimbari ni wa 1948 na haurudi nyuma. Waziri wao Heidemarie Wieczorek-Zeul alienda mpaka Ohamakari, Namibia, walikopigana na Waherero, mwaka 2004 akaomba msamaha, lakini wizara yao ya mambo ya nje ilikuja kulitumia neno kimbari mwaka 2015. Miaka 11! Sasa Juni 2016 bunge lao likatambua kimbari ya Waarmenia waliouawa na Waturuki, Waherero wakauliza palepale, ya Waturuki mnayaona, yenu je? Siku kama hizo ndo za kuvizia, barua iwe imeshaandikwa inangoja tarehe tu.

Hapa kwenye meza ya mazungumzo nitakaa kidogo maana ndipo palipoharibika. Diplomasia ni serikali na serikali, na serikali yako siyo lazima iwe wewe. Mazungumzo yalianza 2015, Namibia ikamtuma Zed Ngavirue, Ujerumani Ruprecht Polenz, na baadhi ya machifu walishirikishwa ila wengine wengi, akiwemo Chifu Vekuii Rukoro wa Waherero, wakasema wanaamuliwa mambo yao wakiwa nje ya mlango. Wakaenda kumshtaki Mjerumani mahakamani New York 2017, 2019 kesi ikatupwa. Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza dai kwa maandishi nani atakaa kwenye kiti, nani ataona rasimu na nani ana haki ya kusema hapana, na ugomvi wa koo mumalizie nyumbani kabla hamjapanda ndege, kwa sababu mkigawanyika upande wa pili utachagua wa kuongea naye.

Rasimu ikija isome kwa kidole, neno moja moja. Tamko la pamoja la Namibia na Ujerumani la Mei 2021 linasema kwa mtazamo wa leo matukio yale yangeitwa kimbari. Hayo maneno "kwa mtazamo wa leo" yanaonekana madogo lakini ndo mlango wa kutokea, yanakiri dhambi huku yanakwepa deni la kisheria, na ndo maana euro bilioni 1.1 za miaka 30 hazikuitwa fidia, nyingi ni miradi ya maendeleo, milioni 50 tu ndo za maridhiano na kumbukumbu. Watu wakakasirika, na kwa kweli mi nawaelewa, shule na barabara unajengewa hata na nchi ambayo haijakuua babu. 2023 wakapeleka kesi Mahakama Kuu ya Windhoek kupinga tamko hilo.

Na maridhiano msiyaachie mawaziri. Kwenye makambi ya wafungwa ya Mjerumani kule Namibia wanawake walilazimishwa kukwangua nyama kwenye mafuvu ya ndugu zao kwa vipande vya chupa, mafuvu yakasafirishwa Ujerumani kwa watafiti. Yaliporudi 20 mwaka 2011, ya Waherero 9 na Wanama 11, angalau pale kulikuwa na kitu cha kulilia. Hapo na sisi tuna la kufanya leo. Septemba 2023 huko Berlin walitangaza vipimo vya DNA vimelinganisha mafuvu matatu na ndugu walio hai Tanzania, mmojawapo Akida, mshauri wa Mangi Meli, chifu wa Wachagga aliyenyongwa na Wajerumani. Kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani kwenye Maji Maji, bado kinatafutwa. Kama kwenye ukoo wenu kuna aliyechukuliwa, andikeni majina ya vizazi mpaka kwake, chagueni msemaji mmoja, muwe tayari kutoa mate ya kipimo, na barua iende kwa serikali na kwa jumba la makumbusho kule Ujerumani siku moja, nakala mbaki nazo nyie.