Buu la chonga silo linaloangusha migomba

Mkulima mmoja wa Wete alinipokea na ndoo ya mabuu meupe aliyoyachimbua kwenye rundo la samadi. "Hawa ndio wanaoniangushia migomba, Bwana Shamba." Nikalilaza moja kiganjani: nene kama kidole gumba, limejikunja, na miguu sita karibu na kichwa. Huyo ni mtoto wa chonga, mdudu wa minazi. Chakula chake ni samadi na magogo ya minazi yaliyooza, mgomba haumhusu. Ubaya wake huanza akishaota mbawa na pembe, akatoboa moyo wa mnazi.

Fukusi wa migomba ni kinyume chake. Mkubwa ni mweusi, kadiri ya harage dogo, mdomo mrefu, hutembea usiku na huruka kwa nadra. Anayeua mgomba ni buu lake, lisilo na mguu hata mmoja, limejificha ndani ya tunguu, lile shina nene la mgomba lililo chini ya udongo. Basi konde jipya fukusi hafiki mwenyewe kwa urahisi. Tunampeleka sisi, ndani ya machipukizi.

Na machipukizi ya ndizi za mkono wa tembo ya mkulima yule yalikuwa yamelala tangu jana yake chini ya migomba ile ile inayoanguka! Ndugu zangu, hili nimelisema kila masika. Harufu ya tunguu lililokatwa humwita fukusi, usiku mmoja tu unatosha kutaga. Menya palepale unapong'oa: toa mizizi yote na ganda la nje mpaka tunguu liwe jeupe tupu. Ukikuta njia za kahawia zimeingia ndani, tupa, usilionee huruma. Yaliyobaki yaondoke shambani siku hiyo hiyo.

Kisha chemsha maji kwenye pipa, yatokote hasa, uzamishe tunguu kwa sekunde 30. Maji ya uvuguvugu kama ya kuoga hayaui mayai ya fukusi, na dakika tatu zinapika tunguu, halichipui tena. Shika saa mkononi, usikisie. Maji yakipoa, subiri yatokote upya ndipo uzamishe mengine. Panda konde ambalo halikuwa na migomba yenye fukusi, la sivyo kazi yote imepotea.

Kusi ikivuma na migomba ikasimama, umefaulu.

Samadi nayo ipindue kabla ya kuitumia. Mabuu ya chonga utakayoyapata wape kuku, na gogo la mnazi lililolala hapo pembeni lipasue ulichome.